Nyumba ya Babu na Ghorofa la Mbia

*Shangazi, mimi ni mwanamke wa miaka 47, mzaliwa wa Kariakoo. Tuko wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Nyumba yetu aliijenga babu mzaa baba katika miaka ya 1930. Alitoka Rufiji akaja kufanya ukuli bandarini. Ni ile nyumba ya zamani ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Vyumba viwili vya mbele tumeshavigeuza fremu. Baba alizaliwa humo na sisi tukazaliwa humo. Shangazi zetu wawili waliolewa Kisarawe na wote wametangulia mbele ya haki. Baba alifariki mwaka 2009. Mama yupo, ana miaka 81, analala chumba cha nyuma kinachotazama uani.*

*Sasa amekuja mbia anayetaka kujenga jengo la ghorofa kumi. Atatupa ghorofa mbili, na atatulipia kodi ya kuishi kwingine kwa miaka miwili. Kaka zangu wamekubali na wanataka tusaini kabla ya Ramadhani. Nilipowaambia kuwa ile ni nyumba ya historia, kaka mkubwa akacheka: "Historia iko Posta, kwenye majumba ya Wajerumani. Hili ni banda la udongo." Mama anasema atatoka humo akiwa kwenye jeneza. Nikikataa naonekana nawazibia ndugu zangu riziki. Shangazi, nina hoja, au ni uchungu wa moyo tu?*

*Mjukuu, Kariakoo*

Pole, mwanangu. Hoja unayo. Tena barua yako ina hoja mbili, na ile iliyo nzito zaidi umeipita kwa sentensi moja bila kuiona. Nitaifikia. Kwanza nimjibu kaka yako, maana hilo neno "banda la udongo" limenikera, na najua si yeye peke yake anayelisema hapo mjini.

Kwamba Posta kuna historia, hakuna anayebisha. Sultan Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, na pale Barabara ya Sokoine, ukielekea kwenye boti za Zanzibar, Boma la Kale bado limesimama na kuta zake za mawe ya matumbawe na dari za boriti za mikoko. Hatua chache kutoka hapo iko Atiman House, nayo ya enzi hizo hizo, iliyopewa jina la Adrian Atiman, mtu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta, kisha akatibu watu Karema kando ya Ziwa Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1956. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao katika mji huu mwaka 1891 waliongeza majumba yao kando ya bahari. Yote hayo ni ya kutunzwa, nami nayapenda.

Ila muulize kaka yako swali moja: kuli aliyeshusha mizigo ya hao Wajerumani, na Waingereza baada yao, alilala wapi?

Alilala kwenye nyumba kama yenu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, eneo la Kariakoo lilikuwa shamba la mlowezi wa Kijerumani aliyeitwa Schoeller. Serikali ya Kijerumani ikalinunua ili lipimwe viwanja vya Waafrika, ndiyo maana mitaa yenu imenyooka vile. Vita vikaja, Waingereza wakaweka pale kambi ya wapagazi wao. Baadaye, katika miaka ya 1920, mji ukagawanywa kanda tatu: Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini kwenye biashara, na kanda ya tatu ya wenyeji. Katikati uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja ili kututenga. Kanuni za mkoloni hazikusema waziwazi kwamba mtu mweusi haruhusiwi kukaa Uzunguni. Zilisema tu kwamba huko haijengwi ila nyumba ya mtindo wa Kizungu, na kwamba fito na udongo mwisho wake kanda ya tatu. Kwa hiyo nyumba ya babu yako ilihesabiwa nyumba ya muda tangu siku alipochimbia nguzo ya kwanza. Kaka yako anapoiita banda anarudia hukumu iliyoandikwa na watu ambao hawakutaka babu yake akae mjini kwa kudumu. Babu alikaa. Udongo ule umesimama takriban miaka tisini, na serikali iliyouita wa muda imeondoka.

Halafu itazame nyumba yenyewe. Nenda jioni moja, usimame mlangoni uangalie ndani. Ukumbi unanyooka hadi mwanga wa uani, milango mitatu kushoto na mitatu kulia, kila mmoja unatazamana na mwenzake. Mwenye nyumba alichukua chumba au viwili, vingine akapangisha. Uani jiko moja, choo kimoja, kamba ya nguo moja, na baraza mbele kwa wanaume na kwa mgeni ambaye hajakaribishwa ndani. J.A.K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyeuchunguza mji huu katikati ya miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka mwaka 1963, aliikuta nyumba hii ya vyumba sita karibu kila uchochoro wa upande wa Waafrika. Hakuna serikali iliyochora ramani yake wala kampuni iliyoisambaza. Ilitoka pwani, mafundi wakaikaza ikae kwenye kiwanja kilichopimwa, na ikawa njia ya mtu asiye na benki kuwa na kipato: unajenga kidogo kidogo, unapangisha, kodi inakulea uzeeni. Wanawake wengi wa mji huu, wajane na walioachika, walijitegemea kwa njia hiyo hiyo.

Sasa wafikirie wapangaji. Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi, Mngoni, chini ya paa moja, wote wanapanga foleni ya choo alfajiri. Mtoto aliyelelewa uani pale alikuwa na mama sita. Kutoka kwenye mitaa hiyo zikazaliwa timu za Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Mtaa wa New, ambao leo ni Lumumba, ndipo palipokuwa na nyumba ya African Association, chama kilichotangulia TANU, na ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, aliyempokea ni mwasisi mwenzake wa TANU, Abdulwahid Sykes, nyumbani kwake Kariakoo. Uhuru wa nchi hii ulipangwa kwenye kumbi za nyumba za aina yenu zaidi kuliko kwenye jumba lolote la Posta. Na ile nyumba ya Mtaa wa New iko wapi? Ilivunjwa, likajengwa jengo la chama. Iliyobaki ya kutazamwa ni ile ya Magomeni, aliyoishi Mwalimu kabla ya uhuru, ambayo leo ni makumbusho. Nenda naye kaka yako siku moja. Atakuta nyumba ya kawaida tu, na watu wanaingia humo kwa heshima.

Jambo jingine linaloniuma. Nje kidogo ya Nairobi, nyumba ya shamba la kahawa aliyoishi Karen Blixen, mlowezi wa Kidenmaki, imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986. Ilijengwa mwaka 1912, na imetunzwa na fanicha zake, bustani na miti yake. Sina ugomvi nayo. Ni sehemu ya historia ya Kenya na inafundisha. Lakini kama nyumba ya aliyekuja kulima kahawa kwa miaka kadhaa na kuondoka inastahili kutunzwa, itakuwaje nyumba ya aliyekuja kutoka Rufiji na mzigo kichwani, akajenga, akazaa, akazikwa hapa, iitwe banda? Babu yako naye alikuwa mhamiaji wa mji huu.

Basi, kwa swali lako, hoja unayo na haina uhusiano na machozi. Ila usitegemee sheria ije kukuokoa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Fanya hesabu uone: mji wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Hata Boma la Kale limejengwa baada ya mwaka huo. Jengo lolote la baadaye linahitaji Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali, na kwa nyumba ya udongo Kariakoo, kiwanja chenye bei ile, sitakupa matumaini ya uongo. Kitu kimoja kaangalie: mlango. Sheria hiyo hiyo inautambua mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, na kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kama mlango wa mbele ni ule wa babu, na una nakshi, asije dalali akaung'oa usiku kwa elfu hamsini.

Sasa ile sentensi yako. "Shangazi zetu wawili waliolewa Kisarawe na wote wametangulia mbele ya haki." Mwanangu, babu alipofariki walikuwa hai? Mirathi yake ilifunguliwa mahakamani? Kwa jinsi ulivyoandika, nahisi haikufunguliwa, na kwamba hati au karatasi za kiwanja bado zina jina lake. Baba yenu alibaki na nyumba kwa sababu ndiye aliyekuwa akiishi mjini, shangazi wakanyamaza kwa sababu ya udugu, na miaka ikapita. Huo ni utaratibu wa nyumba nyingi Kariakoo. Lakini kunyamaza hakukufuta haki yao.

Nadhani nyinyi ni Waislamu, basi tuhesabu. Babu akiacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, mwana huchukua fungu la mabinti wawili. Baba yenu nusu, kila shangazi robo. Kama bibi alikuwa hai alikuwa na thumni yake, na alipofariki ikarudi kwa watoto wake hao hao. Kwa maana hiyo nusu ya nyumba si yenu. Ni ya binamu zenu wa Kisarawe, na ya waume wa shangazi zako kama waliwafia wakiwa hai. Katika ile nusu ya baba, thumni ni ya mama yenu, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya nyumba nzima, kabla nyinyi wanne hamjagusa kitu. Kinachobaki ndicho mnachogawana, mwanaume mafungu mawili, mwanamke moja.

Kwa hiyo mkataba ambao kaka zako wanataka kuusaini kabla ya Ramadhani ni wa kumpa mbia mali ambayo sehemu kubwa si yao. Watoto wa shangazi wakipata habari jengo likiwa limefika ghorofa ya nne, wataenda mahakamani, na wataenda na haki. Hapo mbia atasimamisha kazi, kodi yenu ya kuishi kwingine itakoma, na mama atakuwa Mbagala kwenye chumba cha kupanga akiulizia nyumba yake. Wewe unaogopa kuonekana unawazibia ndugu zako riziki. Ukinyamaza, unawaacha waingie kwenye kesi.

Hii ndiyo sababu nzuri ya kusimamisha mambo, na haihitaji neno "historia" hata mara moja. Waambie kaka zako kwa adabu, mbele ya mama na mzee mwingine wa ukoo: twendeni Mahakama ya Mwanzo tufungue mirathi ya babu, kisha ya baba. Kikao cha ukoo kikae, binamu wa Kisarawe waitwe, muhtasari uandikwe, msimamizi apendekezwe, mahakama itoe tangazo kwa mwenye pingamizi. Msimamizi awe mtu anayeweza kusoma hesabu na asiyemwogopa kaka mkubwa. Wakati mnasubiri, pitieni ofisi ya ardhi muone kiwanja kimesajiliwa kwa jina gani, muda wa hati umebaki kiasi gani, na kama pango la ardhi linadaiwa.

Muda huo utumie vizuri. Nyumba ipimwe na ichorwe. Wasiliana na Chuo Kikuu Ardhi. Wana wanafunzi wa usanifu wa majengo wanaohitaji nyumba kama yenu kujifunzia. Pale Boma la Kale kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam, nao watakusikiliza. Piga picha za kila chumba, paa kwa ndani, sehemu lipu ilipobanduka hadi fito zikaonekana. Kisha kaa na mama yako, na simu ikirekodi. Usimwombe akusimulie historia; mzee akiulizwa hivyo hujibu kwa kifupi. Muulize vitu vidogo: chumba cha pili kushoto alikaa nani alipoolewa yeye? Alilipa kodi shilingi ngapi? Nani alizalishwa humo na mkunga yupi? Maji yalichotwa wapi? Bati la kwanza lilipigwa lini, na kabla yake kulikuwa na makuti au madebe? Mama wa miaka 81 ni kumbukumbu ambayo hakuna mbia anayeweza kukurudishia.

Na nyumba yenyewe, ina hali gani? Hukuniandikia, lakini nakisia. Barabara imeinuliwa kila ilipowekwa lami, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanaingia ukumbini. Chini ukuta una unyevu. Mtu fulani aliwashauri mpige lipu ya saruji juu ya udongo ili "idumu". Saruji ni ngumu na haipumui. Unyevu unanasa ndani, udongo unalainika, mchwa wanakuja kwenye boriti, na lipu inabanduka vipande kama magamba. Ibandueni taratibu chini kwa kimo cha goti, muone kilichomo, na mrudishie udongo na chokaa. Wekeni mfereji wa maji mlangoni. Hayo si matengenezo ya fedha nyingi, na kodi ya fremu zenu mbili inaweza kuyabeba. Fremu zaidi msiongeze kwa kuvunja ukuta wa ukumbi. Ukumbi ukiondoka, hakuna nyumba tena.

Utaniuliza hukumu yangu. Ni hii: nyumba isibomolewe mama akiwa hai. Amesema neno lake, ana fungu lake kisheria, na mzee wa miaka 81 hahamishwi kwa ahadi ya miaka miwili ambayo kila mtu Kariakoo anajua huwa minne. Baada yake mtaamua wote, wa mjini na wa Kisarawe. Mimi ningetamani ibaki, ikodishwe mbele na kutunzwa nyuma, kodi igawanywe kwa mafungu kila mwaka. Zimebaki chache sana, na kila inapovunjwa moja, zilizobaki zinakuwa na thamani zaidi. Lakini sitakuambia kwamba warithi kumi au kumi na tano, wengine hawana ada za watoto, wana wajibu wa kukaa maskini juu ya kiwanja cha mamilioni ili sisi tupate cha kutazama. Hilo lingekuwa deni la nchi nzima mmebebeshwa nyinyi peke yenu.

Mkifika mahali pa kujenga, basi mjenge kwa macho wazi. Wakili wenu awe wenu, asiletwe na mbia. Mkandarasi asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, mhandisi na msanifu nao vivyo hivyo kwenye bodi zao, na kibali cha Jiji mkione kwa macho. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa kumi na sita lilianguka katikati ya mji na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaporomoka hapo hapo Kariakoo na likaua watu wengi. Ghorofa zenu ziandikwe ni zipi, maana za juu kabisa bila lifti hazipangishiki, na kila mrithi apate hati yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008. Adhabu ya kuchelewa iwemo kwenye mkataba. Na mbia akiwaambia atauhifadhi urithi wenu kwa kuubandika mlango wa babu kwenye mapokezi, uchukueni mlango, lakini msimpunguzie hata senti moja kwa ajili hiyo. Mlango ukutani ni mlango tu.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mbia wenu bado anawatazama kama mnaogombana. Msimpe hiyo nafasi. Mpigie kaka yako simu leo, usimwambie kuhusu Wajerumani wala TANU, mwambie kuhusu robo mbili za Kisarawe. Na mpaka msimamizi awe na barua ya mahakama mkononi, asisaini mtu yeyote kitu chochote, hata kile kikaratasi watakachokiita cha makubaliano ya awali.